Tundu la paka, mlango wa mbwa: kisa cha nyumba moja ya Bwiru

Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu. Nyumba yake iko Bwiru, Mwanza, upande wa juu, ambako ukuta wa uani unaishia kwenye jiwe kwa sababu hapakuwa na namna ya kulihamisha. Anafuga mbwa wawili na paka wawili. Mbwa mkubwa ni jike, chotara wa German Shepherd. Mdogo ni wa kienyeji, miguu mifupi, kelele nyingi. Paka mmoja ni mzee na kiuno kimeanza kumgomea. Wa pili hajatimiza mwaka na hana adabu. Mwalimu husafiri mara kwa mara kwenda Ukerewe kumwangalia mama yake. Akiondoka, nyumba inabaki na mpwa wake anayesoma chuo kule Malimbe, binti anayetoka alfajiri na kurudi jioni. Katikati ya saa hizo wanyama wanne wanajitegemea.

Kwa muda mrefu njia ya paka ilikuwa dirisha la jikoni, lililoachwa wazi upana wa kiganja. Mbu walipita hapo hapo, pamoja na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaokuja kama moshi na kuijaza taa. Lakini si mbu waliomfanya mwalimu anipigie simu. Usiku mmoja simu ya mpwa iliyokuwa ikichajiwa mezani iliopolewa kwenye mwanya ule kwa fimbo yenye ndoano. Grili ya dirisha ilibaki nzima, hata rangi haikuchubuka.

Kazi yangu ni milango: ya mbao, ya chuma, ya alumini. Nilipofika, baada ya shikamoo na marahaba, mwalimu alinipeleka moja kwa moja jikoni. "Fundi, nikatie huu mlango hapa chini, mbwa na paka wapite wote, hilo dirisha tulifunge." Mwanawe aliyeko Dar es Salaam naye alishamtumia picha ya kilango cha kielektroniki kinachomtambua paka kwa chipu: "Mama, hiki ndicho salama, nitakinunua mimi."

Sikukubaliana na mama wala mtoto. Mama alikuwa anafikiria ukubwa wa tundu, mtoto anafikiria ufundi wa kilango. Mimi nilitaka kwanza kujua tundu litafungukia wapi. Kilango chochote cha mnyama, cha bei yoyote, kinaweza kuvunjwa na mtu mwenye nia. Kinachoamua usalama ni kilichopo nyuma yake: aliyepita hapo, awe mwizi, nyoka au mbwa wa mtaani, je, ameshaingia nyumbani, au amefika mahali ambapo bado ana mlango mwingine mbele yake?

Mlango wa jikoni na hesabu yake

Tulianza na vipimo. Mbwa mkubwa tulimsimamisha ubavuni mwa ukuta, tukaweka rula bapa juu ya mabega yake na kuchora alama: sentimita 52 kutoka chini. Upana wa kifua sentimita 20. Kwa mbwa, tundu liwe pana kuliko kifua kwa sentimita 5 hadi 8, na ukingo wa juu upite kidogo kimo cha bega. Kichwa hakihesabiwi, maana mbwa hukiinamisha mwenyewe anapopita. Kizingiti kisipande juu ya tumbo la mnyama mfupi kuliko wote, na hapa yule mdogo ndiye aliyeamua: sentimita 12. Jumla tukapata tundu la upana wa 28 na urefu wa 44, likianzia 12 na kuishia 56 kutoka sakafuni.

Sasa liweke tundu hilo kwenye mlango wa jikoni. Kitasa kiko kama mita 1 kutoka sakafuni. Mkono wa mtu mzima, kutoka bega hadi ncha za vidole, ni kama sentimita 70. Kutoka ukingo wa juu wa tundu hadi kitasa ni sentimita 44 tu. Mwizi hana haja ya kuingia: anajilaza, anaingiza mkono, anazungusha ufunguo ulioachwa kwenye kitasa. Na kama haupo kwenye kitasa, ulikuwa unaning'inia kwenye msumari pembeni mwa fremu, mahali ambapo fimbo ileile ya dirishani ingeufikia bila jasho. Ongeza kwamba tundu la 28 kwa 44 linampitisha kijana mwembamba akijigeuza ubavu. Huwa wanatumwa watoto kwa kazi hiyo.

Kuna na suala la mlango wenyewe. Mlango wa chuma wa hapa kwetu ni fremu ya skwea paipu iliyovalishwa bati, na nguvu yake iko kwenye zile paipu za katikati. Ukikata chini, unakata mojawapo. Utachomelea fremu mpya kuzunguka tundu, sawa, lakini umeshageuza mlango wa nyumba kuwa kazi ya viraka, na mlango ukifunguliwa kwa ajili ya hewa, njia ya mnyama nayo inahama.

Sababu nyingine aliitaja mwalimu mwenyewe, kwa sauti ya chini kidogo. Mkwe wake ni Mwislamu, na akija na wajukuu anaswali sebuleni. Paka kupita hapo hakuna neno. Mate ya mbwa ni jambo jingine kabisa. Tundu moja kwa wote lingemaanisha mbwa wawili wana hiari ya kuingia jikoni na kuendelea hadi kwenye mkeka. Nikamuuliza, mbwa wanahitaji nini hasa ndani? Akafikiri. Kivuli mchana, pakavu wakati wa mvua, na mahali pa kujificha radi inapopiga. Vyote hivyo vinapatikana kwenye kibaraza cha nyuma kilichozungushiwa grili. Hapo wazo la mlango mmoja likafa.

Kilango cha mwanawe

Kilango cha kielektroniki ni kitu kizuri na sikukidharau. Chipu yake ni ndogo kama punje ya mchele, inapandikizwa na daktari wa mifugo chini ya ngozi kati ya mabega, na inabeba namba ya tarakimu 15. Haina betri. Kisomaji kilichoko kwenye kilango hutoa mawimbi ya redio, ambayo kwa kiwango cha kimataifa ni kilohezi 134.2, mawimbi hayo huiamsha chipu itoe namba yake, na namba ikiwa imesajiliwa, kikomeo kinaachia. Yote hayo hufanyika mnyama akiwa sentimita chache tu kutoka hapo. Vingi vinakagua anayeingia tu. Kutoka ni bure.

Lakini kikomeo chenyewe ni plastiki. Kinamzuia paka wa jirani, hakimzuii jirani. Pia tundu la vilango hivyo vya paka mara nyingi lina upana wa sentimita 14 hivi, kwa hiyo mbwa mkubwa hana sehemu humo, na vya saizi ya mbwa mkubwa vinaturudisha kwenye hesabu ya mkono na kitasa. Na kuna jambo ambalo picha haisemi: chuma kilichokizunguka kisomaji huvuruga mawimbi yake. Kukipachika katikati ya mlango wa bati ni kukinunulia ugonjwa. Kinataka mbao, plastiki, kioo au ukuta wa tofali.

Tukakubaliana tusikinunue kwa sasa, ila tujenge njia ya paka kwa namna ambayo siku kikija kitapata pa kukaa.

Tundu la paka halikai sakafuni

Picha nyingi za vilango vya paka zinaonyesha tundu chini kabisa mwa mlango, na watu wanaiga. Sababu ya kulipeleka chini ni mbwa. Paka anaruka mita moja akiwa hajaamka vizuri. Kwa nyumba iliyojengwa kwenye mawe, kulipandisha tundu juu ndilo jambo lenye faida kuliko yote niliyofanya pale, na halikuongeza gharama.

Mawe ya Mwanza yanakaliwa. Kuna pimbi, kuna wale mijusi ambao dume lake lina kichwa chekundu na mwili wa buluu (paka mdogo anawaleta ndani wakiwa hai, kama zawadi), na kuna panya. Penye panya, nyoka naye huja. Swila hahitaji mlango, anahitaji mwanya. Pazia la kilango lililogusa sakafu kwa ulegevu huacha nafasi ya kidole kimoja, na nyoka mchanga anatosha hapo. Ukuta uliopigwa plasta laini, bila mmea wala bomba la kushikilia, unampa nyoka wengi wa huku shida kuupanda. Usiupe ukuta huo ngazi: mwalimu alikuwa amerundika kuni pale pale, zikahamishiwa upande wa pili wa uani.

Tukachagua ukuta wa stoo. Stoo iko kati ya uani na jikoni. Inakaa mkaa, gunia la mchele na mitungi. Ina mlango wake wa mbao unaoingia jikoni. Upande wa nje tulipiga tundu kimo cha sentimita 80, tukitoa tofali moja tu. Tofali la inchi 6 lina urefu wa sentimita 45 na kimo cha 23, kwa hiyo nafasi ya tofali moja inatosha na kubaki. Tofali za safu ya juu zinajishikilia zenyewe, huhitaji linta (boriti ya juu ya tundu). Kabla ya kugonga nyundo angalia swichi na soketi ziko wapi, kwa sababu paipu ya umeme hupita wima juu au chini yake. Ya maji nayo hupita kwa tabia ya fundi bomba, ambayo haitabiriki.

Ndani ya tundu tukaweka boksi la mbao ngumu kama handaki fupi, upana wa ndani 17 na kimo 19, likipenya unene wote wa ukuta na kutokeza kidogo pande zote. Ni mbao na si bati kwa ajili ya kile kisomaji cha baadaye. Sakafu ya handaki inainamia nje kidogo, maji ya mvua yasiingie. Mapazia ni mawili, moja kila mwisho. Paka akipita, la nyuma yake linajifunga mara tu mwili ukishapita, na la pili linafuata.

Pazia lenyewe halikutoka dukani. Yale mapazia mazito ya plastiki angavu yanayoning'inia kwenye milango ya viwanda vya samaki, ambayo wafanyakazi hupita na mikokoteni ya sangara bila kufungua chochote, hukatwa kwa mita na mabaki hutupwa. Unene wa milimita 3 unafaa: ni zito vya kutosha kurudi mahali pake, laini vya kutosha kutomuumiza paka mkiani, na anaona ng'ambo kabla hajapita. Chini ya kila pazia nilipachika ukanda wa sumaku uliotolewa kwenye raba ya mlango wa friji mbovu, na kwenye kizingiti kipande chembamba cha bati cha kuunasa. Hilo lilikuwa la lazima. Mchana upepo unatoka ziwani kupanda mlima, usiku unageuka na kushuka. Pazia lisilo na sumaku hupiga makofi saa zote. Upande wa nje, bamba la chuma la milimita 3 linateleza kwenye reli na kufungwa kwa komeo lililoko ndani ya stoo, si nje.

Paka mzee ilibidi afikiriwe. Nje tukamjengea tofali mbili za kupandia, zikiwa zimesimama mbali na ukuta kiasi cha hatua moja ya paka, ndani akawekewa rafu. Anapanda kwa manung'uniko lakini anapanda.

Mbu ndio waliobaki. Mbu wa malaria wanauma zaidi kuanzia jioni hadi alfajiri, na paka wanapenda kutembea magharibi na alfajiri. Ukifunga bamba saa kumi na mbili jioni unafungia paka nje. Ukiliacha unakaribisha mbu. Mapazia mawili yanapunguza, hayamalizi. Kwa hiyo kazi ya mwisho ya kuzuia mbu tuliipa mlango wa stoo kuingia jikoni: tuliongeza kilango cha wavu chenye springi kinachojifunga chenyewe. Paka wanaishia stoo usiku. Humo kuna panya, kuna gunia la kulalia, na mwalimu hana sababu ya kuwahurumia. Saa nne usiku, wakiwa wamerudi, bamba linasukumwa na komeo linapigwa.

Mtu akikata bamba lile kwa msumeno wa chuma, akabomoa handaki na kuingiza mkono, atashika mkaa.

Mbwa

Upande wa mbwa ulikuwa kazi ya siku moja ya kuchomelea. Tuliikata grili ya kibaraza kona ya mbali na mlango wake, tukaweka fremu ya 28 kwa 44 na pazia lile lile la plastiki, vipande viwili vinavyopishana, pamoja na kilango cha nondo chenye komeo kwa nyakati za kufunga. Kutoka tundu hilo hadi kufuli ya grili ni zaidi ya mita 2. Juu ya hapo, nyuma ya kufuli tulichomelea bati la kuzuia mkono na fimbo. Akipita mtu, amefika kibarazani, mbele ya mlango wa jikoni usiokatwa, pamoja na mbwa wawili. Funguo zilihama kutoka kwenye msumari.

Nyakati za kufunga komeo la mbwa ni zaidi ya unavyofikiri. Mjukuu anayetambaa hupita popote mbwa anapopita. Na mbwa jike akiwa kwenye joto, kipindi cha kama wiki tatu, madume ya mtaa mzima yatajaribu ukuta, lango na pazia. Pazia la plastiki kwao ni mwaliko.

Hilo linaleta jambo ambalo si la fundi lakini nililiuliza kabla sijatoa futi: chanjo ya kichaa cha mbwa. Mlango wa mbwa unampa uhuru wa uani, na ua wa mwalimu ulikuwa na pengo pale ukuta unapokutana na jiwe. Mbwa mwepesi anapanda jiwe na kutokea barabarani. Wa barabarani naye anashuka. Pengo tuliliziba kwa seng'enge iliyofungwa kwenye nondo zilizopachikwa ndani ya jiwe, na hiyo ndiyo sehemu iliyokula fedha nyingi. Mbwa walikuwa wamechanjwa, paka hawakuwa. Paka nao hupata kichaa, na wa kwako analala kwenye gunia la mchele wako. Daktari wa mifugo alikuja kabla ya saruji kukauka. Mwalimu alimwagiza mpwa pia: akikwaruzwa au kung'atwa na mnyama asiyemjua, aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo, bila kusubiri kuona mbwa atakuwaje.

Kuwafundisha, na kilichobaki

Mapazia hayakuwekwa siku ya kwanza. Tuliacha matundu wazi wanyama wayazoee, kisha tukaning'iniza kitambaa chepesi, ndipo plastiki. Dagaa waliwekwa upande wa pili. Kumsukuma paka kwenye tundu ni kumfundisha kulichukia, na mpwa alijaribu mara moja akapata mikwaruzo aliyostahili. Paka mdogo alijifunza kwa pupa. Mzee alikaa nje akimtazama mwenzake, akaamua kwa wakati wake. Mbwa mdogo alipita kwanza, mkubwa akamfuata kwa wivu.

Tatizo moja halijaisha. Dume la paka wa jirani, kubwa na la rangi ya chungwa, limejifunza njia na linakula chakula cha stoo mchana. Kuhamisha bakuli jikoni nyuma ya wavu kulisaidia kidogo. Bado linakuja kulala na kuweka alama za mkojo kwenye mkaa. Hapa ndipo kilango cha yule kijana wa Dar es Salaam kinapopata kazi yake halisi. Handaki la mbao lipo tayari, pazia la ndani linatolewa, kilango kinapachikwa mahali pake. Upana wake wa 14 unamtosha paka wa nyumba hii, nilimpima kwa kadibodi iliyokatwa tundu la kiasi hicho akapita bila kugusa pande. Bamba la chuma linaendelea kuwa kufuli ya usiku. Mwalimu ameshamjibu mwanawe: "Haya sasa, kinunue."

Jirani aliyekuja kutazama kazi aliniuliza kuhusu nyumba ya kupanga, ambako huwezi kuvunja ukuta. Hapo tumia dirisha la alumini la kuteleza, la chumba kisicho na kitu cha kuibwa na chenye mlango unaofungwa, hata choo cha nje kikiwa kimeungana na nyumba. Telezesha kioo, pachika ubao wa plaiwudi ngumu ya milimita 18 kwenye mwanya uliobaki, kuanzia chini hadi juu, tundu la paka likiwa humo. Kizuie kioo kwa kipande cha mbao kilicholazwa kwenye reli ili kisisukumwe kutoka nje, na uangalie nafasi ya nondo za grili: paka mwenye mwili wa kawaida anahitaji kama sentimita 12 apite bila kujibana, na grili nyingi zina chini ya hapo. Usikate nondo. Grili ni ya mwenye nyumba, na ndiyo iliyobaki kukulinda. Tafuta dirisha jingine.